Che Guevara na Barua za Ng'ambo ya Ziwa

Askari anayesimama juu ya vilima vya Mururu, katika Wilaya ya Rusizi, huuona mto ukitoka Ziwa Kivu na kuteremka kusini, na ng'ambo yake mji wa Bukavu. Mto huo wa Rusizi huishia katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1965, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa hilo, palikuwa na kambi za wapiganaji wa Kongo, na pamoja nao Wanyarwanda waliolazimika kuikimbia nchi yao tangu 1959. Huko ndiko alikofika mgeni aliyeitwa Tatu. Leo tunapenda kuyasimulia maisha yake, na hasa barua za vita vile.

Jina lake halisi lilikuwa Ernesto Guevara, maarufu kama Che. Alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928, akasomea udaktari. Mwaka 1956 alitua Kuba pamoja na Fidel Castro akiwa daktari wa kikosi. Vita vilipokwisha mwanzoni mwa 1959 alikuwa kamanda. Baadaye aliongoza Benki ya Taifa, kisha Wizara ya Viwanda. Hayo yanajulikana, nasi hatutakawia hapo.

Aprili 1965 alipita Dar es Salaam kwa siri, akavuka ziwa kutoka Kigoma, na tarehe 24 akafika Kibamba. Wakuba walijipa majina ya hesabu za Kiswahili. Víctor Dreke, aliyetangulizwa mbele ya wenyeji kuwa mkuu wa kikosi, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Na yule mwenye amri juu ya wote akajiita Tatu.

Taabu ilianza mapema. Che alikuwa mgeni katika vita vya watu wengine, na bila idhini ya Laurent Kabila, mkuu wa upande ule, hakuweza kwenda mstari wa mbele. Kabila alikuwa nje ya nchi. Vikaratasi vilivuka ziwa vikisema atakuja kesho, au keshokutwa. Kila aliyepata kukaa kambini akingoja amri isiyofika anajua jinsi kungoja kunavyowaozesha askari. Mnamo Juni, Leonard Mitoudidi, kiongozi ambaye Che alimtegemea sana, alikufa maji ziwani.

Ndipo barua ya Kabila ikaja na amri ya kushambulia Front de Force, kituo cha umeme kule Bendera chenye ngome imara. Che aliona shabaha hiyo ni kubwa mno, akaandika kupendekeza ndogo zaidi. Akaomba pia aruhusiwe kwenda mwenyewe. Hakupata jibu la maana. Tarehe 29 Juni Moja aliongoza shambulio hilo akiwa na Wakuba wapatao 40 na Wanyarwanda wa Kapteni Mudandi. Wanyarwanda walioandaliwa walikuwa kama 160, lakini wengi walitoroka kabla ya risasi ya kwanza. Shambulio lilishindwa. Wakuba 4 waliuawa, na mmoja wao alikuwa na shajara mfukoni. Adui aliisoma, akajua anapigana na nani. Kikaratasi kile kimoja kilifichua siri iliyolindwa kwa miezi miwili.

Septemba, Gaston Soumialot alizuru Havana akaeleza maendeleo makubwa ya mapinduzi, akaahidiwa madaktari 50. Tarehe 5 Oktoba Che alimwandikia Castro kutoka mapiganoni kinyume cha hayo yote. Alieleza kwamba silaha hazikuwa zimepungua, pengine zilizidi. Kilichokosekana ni askari waliofunzwa na wenye nia ya kupigana, na fedha zilizotolewa hazikuwafikia wapiganaji. Alijua ataonekana mwenye kukata tamaa. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo barua bora aliyopata kuiandika afisa katika vita vile, maana ni rahisi zaidi kumpelekea mkubwa habari anazozipenda.

Lakini barua haikubadili mambo. Mamluki wa Mike Hoare walikwisha kutua Baraka mwishoni mwa Septemba, nao wakazidi kusogea. Mnamo Novemba Kapteni Mudandi naye aliandika: hawezi tena kushika mahali pake, raia wamemgeuka, naye anarudi nyuma, hawatupi wenzake Wakuba, ila ana dhamana kwa Wanyarwanda, hawezi kuwaacha waangamie wote. Wako watakaoita hayo woga. Sisi tunaona kuwa angaa aliandika, akataja sababu, wakati wengine waliondoka usiku bila neno.

Tarehe 21 Novemba Wakuba walivuka ziwa kurudi Kigoma. Che alikuwa amefikiri kubaki na watu wachache. Kisha alijificha ubalozini Dar es Salaam, akaandika kisa kizima, na tangu mwanzo akakiri kwamba ni kisa cha kushindwa. Alisema pia makosa yake mwenyewe: ukali wake, na kushindwa kwake kujifunza Kiswahili vya kutosha.

Tarehe 9 Oktoba 1967 aliuawa La Higuera, Bolivia, baada ya kutekwa. Mabaki yake yalipatikana Julai 1997, miezi miwili tangu Kabila kuingia Kinshasa na kuwa Rais. Kitabu kile cha Kongo kilichapwa kikamilifu mwaka 1999.