Louis Leakey: Msomaji wa mashapo aliyeteleza akaacha hazina

JINA la Louis Seymour Bazett Leakey hutajwa aghalabu pamoja na mafuvu ya binadamu wa kale. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya fuvu lolote kumpa sifa, mtafiti huyo alishughulika kusoma udongo. Alichunguza mashapo ya maziwa na mito ili kubaini jinsi mvua ilivyonyesha maelfu ya miaka iliyopita.

Alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, Agosti 7, 1903, katika familia ya wamishonari Waingereza. Alikulia miongoni mwa watoto wa Wakikuyu na kuizungumza lugha yao kama mzawa, kisha akaenda kusomea Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka 1926 aliongoza msafara wake wa kwanza wa utafiti hadi Nakuru na Elmenteita. Huko alikuta alama za fuo za kale zikiwa juu mno kuliko maji ya maziwa hayo. Haikuwa na shaka kwamba ziwa kubwa liliwahi kulijaza bonde hilo. Lililobaki ni kujua lini, na kwa nini.

Akifuata nyayo za mwanajiolojia E. J. Wayland wa Uganda, Leakey alishikilia kwamba Ulaya ilipofunikwa na barafu, Afrika Mashariki ilipata mvua za karne na karne. Vipindi hivyo akavipa majina ya mahali: Kamasia, Kanjera na Pango la Gamble. Mwaka 1947, mkutano wa wataalamu alioufanikisha jijini Nairobi uliyakubali majina hayo.

Hata hivyo, mashapo humhadaa msomaji mwenye haraka. Lava ikiziba mto, au ardhi ikididimia, ziwa huzuka pasipo tone moja la mvua kuongezeka. Katika Bonde la Ufa, penye volkano na mitetemeko, hilo si jambo geni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, wanajiolojia walikuwa wameanza kuitilia shaka nadharia hiyo.

Leakey alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa kosa la aina hiyo. Taya lililopatikana Kanam, karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1932 alilitangaza kuwa la kale mno. Profesa Percy Boswell alipofika kukagua mwaka 1935, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali hasa lilipotoka. Mfupa usiojulikana tabaka lake ni kama shahidi asiye na kwao, na heshima ya kijana huyo iliporomoka.

Hakukata tamaa. Alirudi tena na tena katika Korongo la Olduvai, Tanzania, ambako mto wa msimu umekata matabaka yenye kina cha takriban mita 90. Julai 17, 1959, mkewe Mary aligundua humo fuvu la Zinjanthropus. Mwaka 1961, majivu ya volkano yaliyopimwa yalionyesha kuwa lina umri wa miaka milioni 1.75. Safari hii tabaka lilijulikana.

Leakey aliaga dunia London Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru. Mwaka huo huo, vipimo vya kaboni vilivyochapishwa vilithibitisha kuwa maji ya Nakuru na Elmenteita yalifurika kati ya miaka 10,000 na 8,000 hivi iliyopita, baada ya barafu kuu ya Ulaya kuanza kuyeyuka. Wakati barafu ilipotanda, Afrika Mashariki ilikuwa kavu.

Nadharia yake ya mvua ikaanguka, lakini korongo likabaki. Watafiti waliomfuata walichambua mashapo ya Olduvai na chavua iliyonaswa ndani yake, wakatambua ziwa lililopanuka na kunywea, na nyakati za miti zilizopokezana na za nyasi. Waliusahihisha usomaji wa Leakey kwa kukifungua tena kitabu kile kile alichowaonyesha.