Munganga Dutton, aliyefia Kasongo



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu tumezoea kusoma juu ya watu wa mbali: wafalme wa Ulaya, wapiganaji, watu waliotengeneza mashini. Safari hii tumetafuta mtu ambaye jina lake linaandikwa katika vitabu vya waganga vya dunia nzima, lakini kaburi lake halikuchimbwa mbali na sisi. Alikufa Kasongo, tarehe 27 Februari 1905. Alikuwa na miaka 30 tu. Anaitwa Joseph Everett Dutton.

Sisi wenyewe hatukumjua. Ni watu wa Kasongo kwa kuzaliwa, wengine wa Kabambare na Wamaza, tumekula maembe ya Kasongo, tumecheza mpira pale, na hakuna mtu aliyetuambia habari hii. Tuliikuta tulipotafuta somo la biolojia juu ya homa inayokwenda na kurudi. Basi tukaona si vizuri kuiacha.

Dutton alizaliwa tarehe 9 Septemba 1874 huko Higher Bebington, Uingereza, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Liverpool. Baba yake alikuwa muuza dawa, na yeye alikuwa mtoto wa kiume wa tano. Akasoma shule katika mji wa Chester, kisha udaktari Liverpool, akamaliza mwaka 1897. Liverpool ilikuwa bandari kubwa. Meli zilienda Afrika ya Magharibi na kurudi na mafuta ya mawese na mpira, na pamoja na mizigo zilirudi na mabaharia wagonjwa. Kwa sababu hiyo tajiri mmoja wa meli, Alfred Jones, alitoa pesa ili shule ya magonjwa ya nchi za joto ifunguliwe pale mwaka 1898. Tukumbuke jina la huyu tajiri, litarudi.

Dutton akaingia katika shule ile. Mwaka 1900 alikwenda Nigeria na wenzake kuchunguza malaria na vidudu vya damu vinavyoletwa na mbu. Mwaka 1901 akapewa masomo ya juu kwa jina la Walter Myers. Huyu Myers alikuwa munganga kijana wa shule ile ile, alikufa Januari 1901 kule Brazil kwa homa ya manjano, ugonjwa aliotumwa kuuchunguza. Hebu fikiri: unapewa pesa ya masomo kwa jina la mtu aliyekufa kwa kazi ile ile unayokwenda kuifanya wewe. Dutton aliipokea, akaenda.

Mwaka ule wa 1901 alifika Gambia kwa habari ya mbu na malaria. Katika mji wa Bathurst kulikuwa na munganga mwingine, Forde, mwenye mgonjwa wa ajabu: nahodha wa meli ya mtoni, Mwingereza, anayepata homa isiyosikia kinini. Forde alikuwa ameona katika damu yake vidudu vinavyojikunja kama minyoo midogo, asijue ni nini. Mwezi wa Desemba Dutton akatazama katika mikroskopi, akajua: ni tripanosoma. Wakati ule tripanosoma ilijulikana kwa wanyama. Munganga mwingine, Bruce, alikuwa ameionyesha katika ng'ombe na farasi kule Afrika ya Kusini, inaletwa na ile nzi ya mbung'o. Katika mtu hakuna aliyeitambua bado. Mwaka 1902 Dutton aliiandika kwa jina la Trypanosoma gambiense, kwa sababu ya Gambia. Alirudi huko tena na rafiki yake John Lancelot Todd, mtu wa Kanada, wakapima hata farasi, wakakuta tripanosoma ya aina nyingine ndani yao.

Kumbe kidudu kile cha nahodha njo chenye kuleta malale, ule ugonjwa wa usingizi. Dutton hakulijua neno hilo siku ile. Ilionekana kule Uganda, mwaka 1902 na 1903, wakati Castellani alipoona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa malale, na Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiyo inayoipeleka toka mtu mpaka mtu. Kando ya ziwa Viktoria watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka ile.

Sasa mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye nchi yetu ilikuwa kama shamba lake mwenyewe, akaogopa. Malale ilikuwa inapanda na mto Kongo. Watu wakifa, nani atakata mpira, nani atabeba mizigo? Akaita waganga wa Liverpool. Na yule Alfred Jones, tajiri wa meli, alikuwa pia konsuli wa Leopold pale Liverpool. Hatusemi kwamba Dutton alikuja kwa ajili ya mpira. Alikuja kwa ajili ya vidudu. Lakini njia aliyopita ilifunguliwa na watu wa mpira, na ni vizuri kusema mambo yote.

Mwezi wa Septemba 1903 Dutton, Todd na mwenzao wa tatu, Christy, waliondoka Liverpool. Walifanya kazi kwanza upande wa Leopoldville, inayoitwa leo Kinshasa. Huko waliona hata funza anayekaa ndani ya sakafu ya udongo na kunyonya damu ya watu waliolala juu ya mikeka usiku, wakaandika habari zake mwaka 1904. Kwa kuchunguza malale walikuwa wanashika shingo za watu, kijiji kwa kijiji, wakitafuta tezi zilizovimba. Ni jambo rahisi, linafanywa kwa vidole tu, lakini kwa njia hiyo waliweza kupata wagonjwa ambao bado wanatembea na kulima, wasiojua kwamba ni wagonjwa. Mtu wa namna hiyo njo anayepeleka ugonjwa mbali, kuliko yule aliyelala kitandani. Christy aliacha safari mbele ya mwisho, na wale wawili wakapanda mto mpaka Stanley Falls, leo Kisangani.

Hapa tunafika kwa ugonjwa uliomwua.

Watu wa pwani wanaiita papasi, wengine katika Kongo wanasema kimputu. Ni kupe, lakini si ile ya ng'ombe inayoshika ngozi siku nyingi. Hii ni ya nyumba. Inakaa katika nyufa za ukuta wa udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku inatoka, inanyonya mtu kwa nusu saa hivi, inashiba, inarudi mafichoni, na asubuhi hakuna anayeiona. Inaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba ikiachwa, papasi inabaki inangoja.

Wazee walijua kwamba kuumwa na papasi kunaleta homa. Livingstone, yule aliyekaa hapa Kabambare miezi mingi mwaka 1870 na vidonda vya miguu, alikwisha kuandika juu yake katika kitabu cha 1857, kwa habari alizoziona Angola. Wazungu wengi walifikiri ni malaria tu. Homa inashika kwa nguvu siku tatu hivi, kichwa, mgongo, kutapika; kisha inakwisha kabisa, mtu anasema amepona; baada ya juma moja hivi inarudi. Tena na tena. Mwanamke mwenye mimba mara nyingi anaiharibu.

Na angalia sana namna ilivyoenea. Njia ya misafara toka ziwa Tanganika ilipita hapa Kabambare, ikaenda Kasongo na Nyangwe. Kwanza ilikuwa ya Waarabu na Waswahili na pembe zao, kisha ya Serikali ya Leopold, iliyokamata Kasongo mwaka 1893. Kila mwisho wa siku wapagazi walilala katika vibanda vile vile, juu ya udongo ule ule, na kesho wengine walilala pale pale. Papasi iliingia katika mikeka na mizigo, ikasafiri. Mtu wa kijijini, asiyesafiri, aliumwa tangu utoto, na mwili wake ulijifunza kidogo kupigana nayo. Mgeni na mpagazi aliyetoka mbali walianguka.

Dutton na Todd waliona katika damu ya wagonjwa kidudu chembamba kilichopindika kama waya wa springi, spiroketi. Kidudu cha namna hiyo kilikuwa kimeonwa Berlin na munganga Obermeier tangu 1868, katika homa nyingine inayorudi, ile ya chawa. Swali lilikuwa: je, papasi njo inayokipeleka? Wakatwaa papasi, wakaziacha zinyonye makako wazima. Makako wakaugua, spiroketi zikaonekana katika damu yao. Halafu wakafanya jambo ambalo sisi tunaliona ni la akili sana. Walitwaa mayai ya papasi zenye ugonjwa, wakangoja yatotolewe, wakatia watoto wale, ambao hawajanyonya mtu yeyote, juu ya makako. Na makako nao wakaugua. Maana yake, papasi mama inapitishia watoto wake ugonjwa ndani ya yai. Basi hata wagonjwa wote wakipona, nyumba yenyewe inabaki na ugonjwa.

Tuseme ukweli, hawakuwa wa kwanza kuitangaza papasi. Wenzao Ross na Milne wa Uganda waliandika mwezi wa Novemba 1904 kwamba papasi inaleta spiroketi, wakati hawa wawili wako mtoni bila habari. Na Robert Koch, Mjerumani mwenye jina kubwa, aliona mambo kama hayo katika mwaka 1905 upande wa Tanganyika ya leo. Hivyo katika muda mfupi watu wa pande tatu za Afrika walikuta jambo moja. Ni Dutton peke yake aliyelipa kwa uhai wake.

Wote wawili, Dutton na Todd, walishikwa na homa ile wakati wa kuichunguza. Todd akapona. Dutton naye akaendelea na safari, wakapanda mto mpaka Maniema, homa ikija na kurudi. Dawa haikuwepo. Kinini haifanyi kitu kwa spiroketi. Leo infirmie wa dispanseri ndogo akiwa na tetrasiklini anaweza kumponya mtu kama yule, ingawa anapaswa kumwangalia saa za kwanza, maana vidudu vikifa kwa wingi mara moja homa inapanda sana mbele ya kushuka. Mwaka 1905 Todd hakuwa na kitu mkononi ila maji na kitambaa. Rafiki yake akakata roho Kasongo, akazikwa huku huku.

Ripoti yao juu ya homa ya papasi ilitoka Liverpool mwaka ule ule, na majina mawili juu yake, la mzima na la marehemu. Mwaka 1906 wataalamu wawili wa Marekani, Novy na Knapp, walikiita kile kidudu kwa jina la Dutton.

Jambo lingine lilifuata, nalo si tamu. Todd alitoa shauri kwa mfalme Leopold: wagonjwa wa malale watengwe, na watu wasipite ovyo toka mahali pa ugonjwa kwenda mahali pazima. Kwa akili ya ugonjwa, shauri si baya. Lakini Serikali ilijenga lazareti, watu wakashikwa shingo, wakapelekwa kwa nguvu, mbali na jamaa zao. Wengi hawakurudi. Walipewa dawa ya atoksili yenye sumu, na wengine ilipofusha macho. Vijiji vilikimbilia porini waliposikia munganga anakuja, na kukimbia kule pia kulisambaza malale. Dutton alikwisha kufa, hatujui angesema nini. Ila hivi vidole vya shingoni vilikuwa kazi yake na Todd.

Tena wako watu ambao majina yao hayakuandikwa katika jalada la kitabu: wapagazi waliobeba mikroskopi na sanduku, wagonjwa waliotoa damu. Tunaandika juu ya Dutton kwa sababu habari zake tunazo. Zao hatuna.

Kazi ya malale iliendelea. Mwaka 1998 katika nchi yetu peke yake wagonjwa zaidi ya 25,000 waliandikwa. Mwaka 2018 dunia nzima haikufika 1,000, na mwaka huo huo vidonge vipya, feksinidazoli, vilivyojaribiwa hapa Kongo, vilikubaliwa. Papasi haikupata bahati hiyo. Inapatikana bado, na mara nyingi inaitwa malaria, isipokuwa mtu wa laboratwari akitazama vizuri tone la damu. Sakafu ya simenti, ukuta uliosiribwa bila nyufa, kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta, njo vinavyoishinda kuliko dawa.

Kwa miaka mingi waganga walisema spiroketi ya Dutton inakaa katika mtu na papasi tu, si katika mnyama wa nyumbani. Mwaka 2007 uchunguzi uliofanywa Tanzania uliikuta katika kuku na nguruwe. Papasi hainyonyi sisi tu. Na kwetu, kwa kuogopa wezi na paka wa porini, kuku wanalala ndani ya nyumba, wengine chini ya kitanda.