Mtumwa Aliyeitwa Siti

Kabla hujajibu swali kuhusu umaskini wa watoto katika hadithi ulizosoma, pitia kwanza maisha ya mtu aliyeishi kweli. Kama unasomea Langas, hapa Eldoret, huenda kila asubuhi unapishana na msichana wa rika lako aliyejitwika beseni la mboga. Wateja wake wanaijua bei. Jina lake hawalijui. Siti binti Saad alikuwa msichana wa namna hiyo.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Babake alikuwa Mnyamwezi na mamake Mzigua, watu wa asili ya utumwa, na mtoto akaitwa Mtumwa. Litazame vizuri jina hilo. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, naye alikuwa na miaka kama 17, lakini sheria hiyo haikumpa shamba wala darasa. Hakusoma shule, na hata madrasa hakupelekwa. Kwao walifinyanga vyungu, naye akavitembeza mjini akivinadi kwa sauti. Sauti hiyohiyo ndiyo iliyompa umaarufu baadaye. Wakati ule ilimpa senti za chungu tu.

Mnamo 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin akamfundisha kuimba. Taarabu ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, hata mfinyanzi akaielewa. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri, na jina lake likaenea pwani nzima. Jina Siti, yaani bibi wa heshima, alilipata ukubwani.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hukosea. Huandika kwamba maskini akifaulu, jamii humpokea. Siti alipofaulu, waliomwonea wivu walimtungia wimbo wa kumsuta: amekuwa mtu tangu lini, na alikuja mjini amevaa kaniki! (Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa.) Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si kitu kwa asiye na akili.

Wimbo wake mwingine usioweza kuurukwa ni ule wa Kijiti. Mwanamke mjamzito alitoka Dar es Salaam kutembea Unguja, akauawa. Mtuhumiwa alitoroka akavuka bahari, na waliotoa ushahidi mahakamani ndio waliofungwa. Marehemu hakuwa na jamaa mkubwa wa kumtetea katika serikali ya kikoloni. Siti alikiimba kisa hicho waziwazi, akamtaja muuaji kwa jina.

Alifariki mwaka 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa ameketi naye na kumhoji, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa Wasifu wa Siti binti Saad.