Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Sisi wa Sikuda twajua nyaya za umeme wa Jinja zipitazo Tororo kwenda Kenya. Aliyefungua njia ya umeme huo hakujua hesabu za juu.

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 London, mwana wa mhunzi maskini. Alisoma shule kidogo tu. Alipokuwa na miaka 14 akaanza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, na vile alivyovijalidi akavisoma. Mwaka 1813 Humphry Davy, bingwa wa kemia, alimchukua awe msaidizi wake. Mwaka 1831 akavumbua jinsi sumaku inayosogezwa inavyozaa umeme katika waya.

Tena aliwaza mistari ya nguvu. Weka karibu chaji mbili zilizo sawa, chanya na hasi: mistari hutoka kwenye chanya, hupinda, huingia kwenye hasi. Ukiwa mbali nazo, ukizidisha umbali mara mbili, nguvu hubaki thumuni yake. Wengi waliipuuza picha hiyo, mpaka James Clerk Maxwell alipoiandika kwa hesabu. Faraday alifariki mwaka 1867.

Basi ndugu, anayeshindwa na hesabu asifunge kitabu. Na achore kwanza.