Mt. Inyasi na Kiitaliano chake kibovu



Wengi wetu mgeni akifika kwenye jumuiya tunanyamaza kimya. Si kwamba hatuna la kusema, tunaogopa Kiingereza chetu kitachekwa. Basi leo tumtazame Mt. Inyasi wa Loyola, maana naye lugha zilimtesa kweli.

Alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, Hispania. Alikuwa mtu wa upanga, anayependa sifa. Mwaka 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu pale Pamplona, na akiwa kitandani Mungu akamgeuza moyo. Alitaka kusaidia roho za watu, akaona hawezi bila elimu, na elimu enzi hizo ilikuwa kwa Kilatini. Kwa hiyo mwaka 1524, akiwa na miaka kama 33, akaanza kukariri sarufi kule Barcelona pamoja na watoto. Hebu fikiria, askari mzima! Halafu kila akishika kitabu, mawazo matamu ya kiroho yanamjaa, hakuna kinachoingia. Akagundua ni kishawishi, kwa sababu kwenye sala na Misa hayakuwa yakimjia kwa nguvu hivyo. Akaenda na mwalimu wake, Ardèvol, hadi kanisa la Santa Maria del Mar, akamweleza yote, akaahidi kutokosa masomo yake kwa miaka miwili mradi apate mkate na maji. Alipofika Paris mwaka 1528 akakirudia tena Kilatini na wavulana wadogo, maana msingi haukuwa umekaa.

Ila kinachonigusa zaidi mimi ni Roma. Mwaka 1541 alikuwa tayari mkuu wa Wajesuiti, na bado akawafundisha watu katekisimu kwa Kiitaliano kilichojaa Kihispania. Kijana mmoja wa shirika, Pedro de Ribadeneira, wa miaka 14 hivi, akamwambia wazi kwamba lugha yake inahitaji kurekebishwa. Bosi mwingine angekasirika. Inyasi akamwomba amwandikie makosa yote. Pedro akaandika, akaandika, mwisho akakata tamaa: karibu kila sentensi ina kosa! Akaenda kumweleza. Inyasi akamwuliza tu, sasa wamfanyeje Mungu, akimaanisha hakupewa zaidi ya hicho, basi atamtumikia kwa hichohicho.

Akaendelea kufundisha. Na watu waliomsikiliza walitoka pale kwenda kuungama, wengine wakilia hadi wakashindwa kusema.