Maisha ya William Booth, aliyetanguliza supu



Katika namba hii tunataka kuwaeleza maisha ya Bwana William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu. Wengi wetu tunalijua hilo Jeshi kwa jina la Kifaransa, Armée du Salut, maana lilifika kwetu Kongo mwaka 1934, kule Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Tunajua ngoma zao na mavazi yao ya kiaskari. Lakini ni wachache wanaojua kwamba huyu Jenerali alisumbuka miaka mingi juu ya swali moja ambalo hata sisi linatusumbua: mtu usiyemjua akija kwako na njaa, umfanyie nini? Umpe tu bila kuuliza? Umchunguze kwanza? Ao umfukuze ili asizoee?

UTOTO WAKE

William Booth alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 katika mji wa Nottingham, Uingereza. Baba yake alikuwa na mali kidogo, kisha akaipoteza. Mtoto alipokuwa na miaka 13 tu akatolewa masomoni, akawekwa kujifunza kazi kwa mtu wa kukopesha feza kwa rehani. Ni kazi ya namna gani? Mtu mwenye shida analeta koti lake, ao pete yake ya ndoa, anaacha pale, anapewa feza kidogo. Akishindwa kurudisha pamoja na faida, kitu chake kinauzwa. Baba yake akafa upesi, na mama akabaki na watoto katika umaskini. Basi William aliujua umaskini kwa pande mbili: nyumbani kwao, na kule kazini mbele ya meza ya rehani.

Mwaka 1844, akiwa na miaka 15, alimpokea Bwana Yesu katika kanisa la Wametodisti. Mwaka 1849 akaenda London kutafuta kazi. Tarehe 16 Juni 1855 akamwoa Catherine Mumford. Huyu mama alikuwa na akili nyingi na alihubiri yeye mwenyewe, jambo ambalo wengi wa wakati ule hawakulikubali. Mwaka 1861 Booth aliacha kazi ya uchungaji katika kanisa lake, kwa sababu wakubwa wake walitaka akae mahali pamoja, naye alitaka kuzunguka na kuhubiri.

MASHARIKI YA LONDON

Mwaka 1865 Booth alianza kuhubiri katika mitaa ya mashariki ya London, katika Whitechapel. Uingereza wakati ule ilikuwa tajiri kupita inchi zote. Meli zake zilijaa bahari. Lakini karibu na bandari ile ile wanaume walisimama asubuhi mlangoni, wakisukumana, ili wachaguliwe kazi ya siku moja. Asiyechaguliwa hakula. Asiyelipa nyumba alilala nje, baridi ya kule mnaijua kwa vitabu.

Ni kweli serikali ilikuwa na nyumba za maskini. Lakini msafiri aliyeingia kuomba kulala alifungiwa mule, na kesho yake alilazimishwa kuvunja mawe ao kunyumbua kamba kuukuu. Akitoka amechelewa, nafasi ya kupata kazi bandarini imekwisha. Kumbe ule msaada wenyewe ulimzuia mtu asijisaidie! Kwa hiyo wengi waliona afazali kulala njiani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Booth alijaribu kufungua maduka ya chakula cha bei ndogo, supu na chakula cha saa sita. Mwana wake Bramwell, kijana mdogo kuliko sisi wa mwaka wa sita, ndiye aliyepewa kuyasimamia. Lakini kazi haikudumu. Kufika mwaka 1874 walikuwa wameyaacha. Hapo Booth akaona heri ashike kuhubiri tu, na mambo ya tumbo ayaache. Mwaka 1878 kundi lake likapewa jina la Jeshi la Wokovu.

USIKU WA DARAJANI

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1887. Booth alikuwa akirudi usiku sana kutoka safari ya kuhubiri, akapita kwenye daraja kubwa la London. Akaona watu wamelala pale katika vipembe vya mawe, wamejifunika magazeti. Hakulala vizuri. Asubuhi Bramwell alipokuja, baba akamuuliza kama alijua kwamba kuna watu wanalala darajani usiku kucha. Bramwell akajibu kwamba alijua. Baba akashangaa sana: unajua, na hujafanya neno? Mwana akaanza kutoa sababu, na zilikuwa sababu za kweli: Jeshi lina kazi nyingi, feza haitoshi, haliwezi kubeba mizigo yote ya London. Booth akakataa kusikiliza. Akamwamuru atafute jumba, hata gudulia la zamani, lenye paa na moto, watu wale waingie.

Tuangalie jambo hili, ndugu. Bramwell hakuwa mtu mbaya. Alizoea tu. Aliyeona kwa macho mapya ndiye aliyesumbuka.

Mwezi wa Februari 1888 nyumba ya kwanza ya chakula na malazi ilifunguliwa katika Limehouse, karibu na bandari. Bakuli ya supu iliuzwa nusu peni, na pamoja na mkate peni 1. Mtoto alilipa robo ya peni tu. Mjue kwamba peni 12 zilifanya shilingi moja, na shilingi 20 zilifanya pauni. Kwingine, katika Clerkenwell, kwa peni 4 mtu alipata chakula cha jioni, kitanda cha mbao chenye umbo la sanduku, na chakula cha asubuhi.

Juu ya nini aliwalipisha? Wengine walimcheka. Lakini Booth aliona kwamba mtu aliyelipa hata nusu peni anaingia kichwa juu, kama mnunuzi, si kama mbwa anayetupiwa mfupa. Na yule asiye na kitu kabisa? Huyo alipewa nafasi ya kutumika: kupasua kuni, kutengeneza vitu vya mbao, kuchagua takataka zenye faida. Hakuulizwa kwanza kama ni mlevi, kama alitoka gerezani, wala kama anasali. Ibada ilikuwako jioni, ndiyo. Lakini Booth alifahamu kwamba mtu mwenye miguu ya baridi na tumbo tupu hasikii mahubiri. Supu ilitangulia.

KITABU NA MSITU WETU

Mwaka 1890 Booth alitoa kitabu kikubwa juu ya mipango yake. Hapa kuna neno linalotugusa sisi Wakongomani. Mwaka ule ule Stanley alikuwa ametoa kitabu chake cha kusifu safari yake katika msitu wa Ituri, akiita Afrika inchi ya giza kuu. Booth akachukua lile jina akaligeuza: akaandika juu ya Uingereza ya giza kuu, na njia ya kutoka. Alisema kwa wenzake kwamba wasiangalie msitu wa mbali tu, maana msitu wenye giza upo mlangoni pao, katika London.

Hatufurahii kuitwa watu wa giza. Na tusisahau kwamba msafara wa Stanley wenyewe ulipita Ituri na njaa kali, na mara nyingi walinyang'anya vijiji chakula kwa bunduki. Lakini Booth alikuwa na ujasiri wa kuonyesha giza la kwao, na si wengi waliofanya hivyo.

Katika kitabu kile alitoa mfano wa farasi wa kukokota magari ya kukodi. Kila farasi wa London alikuwa na vitu vitatu: mahali pa kulala, chakula, na kazi ya kujipatia chakula hicho. Akianguka njiani, watu wanamsimamisha, hawaulizi kwanza kama ameanguka kwa kosa lake. Booth hakuomba zaidi: mtu apewe angalau kile anachopewa farasi.

Alihesabu kwamba watu milioni 3, karibu mtu mmoja kwa kumi, walikuwa wamezama hivyo katika inchi yake. Akaomba pauni 100,000, na katika miezi michache zikapatikana. Mwaka 1891 alinunua shamba kubwa huko Hadleigh, ili wasio na kazi wajifunze kulima. Mwaka huo huo alifungua kiwanda cha viberiti. Viwanda vingine vilitumia fosforo nyeupe iliyoozesha mataya ya wafanyakazi. Yeye alitumia fosforo nyekundu isiyo na sumu hiyo, na kwa masanduku dazeni 12 alilipa peni 4, wakati wengine walilipa peni 2 na nusu. Mke wake Catherine hakuyaona hayo. Alikufa kwa kansa tarehe 4 Oktoba 1890.

WALIOMPINGA

Booth alipingwa sana. Chama kimoja kikubwa cha London cha kupanga mambo ya sadaka kilifundisha kwamba kila mwombaji achunguzwe kwanza, kwa sababu kutoa ovyo kunafanya watu wavivu. Mtaalamu Huxley aliandika barua nyingi katika gazeti kumshambulia, akiogopa nguvu kubwa aliyokuwa nayo mtu mmoja. Mwaka 1892 kamati ya watu wenye heshima ilipima hesabu zake, ikaona feza haikuliwa.

Lakini si kila lawama ilikuwa ya bure. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake mafundi mbao walinung'unika kwamba maskini katika karakana ya Jeshi walitumika kwa malipo madogo mno, na hivyo waliharibu bei ya kazi ya wengine. Hapo tunajifunza kwamba kumpa mwenye njaa kazi ni kuzuri, lakini ni rahisi pia kumtumikisha kwa sababu ya njaa yake.

Mwisho Booth akawa kipofu. Alikufa tarehe 20 Agosti 1912, akiwa na miaka 83. Maelfu na maelfu wakapita mbele ya jeneza lake, matajiri pamoja na watu waliokula supu yake.

NA SISI JE?

Ndugu, mnajua mabishano yaliyo katikati yetu trimestri hii. Watu waliokimbia vita wanakuja nyuma ya jikoni saa sita. Wengine wetu wanasema tuwape, wengine wanasema ni wezi, wakizoea hawataondoka. Na kweli bugali yetu ni ya kupimwa: sahani inayotoka nje, kuna mwanafunzi ambaye sahani yake imepunguka. Hatuwezi kudanganyana juu ya hilo.

Lakini kwa maisha ya Booth tunaona kwamba kati ya kufukuza na kutoa ovyo kuna njia ya tatu, ndiyo mpango. Kwa hiyo sisi, wakubwa wa wanafunzi, tunatoa shauri hili mbele ya wenzetu na mbele ya Bwana Prefe: kila Jumamosi kila darasa litoe makopo mawili ya unga na kopo moja la maharagi, chungu kimoja kipikwe, saa moja inayojulikana, mahali pamoja. Watoto na wazee wale bila sharti. Mwenye nguvu, baada ya kula, asaidie kuleta maji ao kupasua kuni, kwa kipimo kidogo, si kazi ya siku nzima. Na mtu asimtukane mgeni wakati anakula.

Chungu kimoja hakitamaliza njaa ya wote waliokimbia. Limehouse pia haikumaliza njaa ya London. Jumatano mashauri yatapokelewa na wakubwa wa kila darasa. Mwenye shauri bora kuliko hili alilete. Lakini asilete ile sababu ya Bramwell, kwamba alijua.