Talbot na Kuta za Oxford

William Henry Fox Talbot alizaliwa Uingereza mwaka 1800, akahitimu Cambridge mwaka 1821. Alipokuwa kando ya Ziwa Como, Italia, mwaka 1833, mkono wake ulishindwa kuchora. Akatamani mwanga wenyewe umchoree mandhari ile. Kufikia 1835 alikuwa amenasa kwenye karatasi dirisha la nyumba yake huko Lacock, penye nuru pakawa peusi, penye kivuli pakawa peupe. Ajabu ni kwamba alinyamaza. Mwaka 1839 Mfaransa Daguerre akamtangulia kutangaza, na sifa zikaenda Paris.

Hata hivyo, bamba la Daguerre lilitoa picha moja tu. Negativu ya Talbot ilizaa nakala nyingi, na ndiyo njia iliyofuatwa baadaye na kamera za filamu. Kitabu chake, The Pencil of Nature (1844–1846), chenye picha 24, kinaanza na Queen's College ya Oxford, si Cambridge alikosomea! Humo fahari ya chuo si kitu. Kinachoonekana ni mawe yaliyobabuka kwa mvua na miaka.

Hataza yake ya 1841 iliwabana wapigapicha wengi, naye akalaumiwa, nadhani kwa haki, hadi aliposhindwa kesi mwaka 1854. Alifariki Lacock mwaka 1877.